Bandari Sita na Pasipoti Mbili

Jumanne ijayo, Mungu akijalia, mimi na Mama tutaondoka Mombasa kuelekea Barcelona, na Ijumaa ya wiki hiyo hiyo tutapanda meli ya kitalii itakayotuzungusha katika Bahari ya Mediterania kwa muda wa siku saba: Marseille, Genova, Napoli, Messina, Valletta, siku moja nzima ya bahari tupu, kisha Barcelona tena. Nimekuwa nikijiandaa tangu mwezi wa Oktoba, na kwa kuwa nilipoanza sikupata mahali palipoeleza kwa Kiswahili mambo ambayo mtu mwenye pasipoti ya Kenya anapaswa kuyajua kabla ya kulipa hata shilingi, nimeona niyaandike sasa, wakati masanduku yako wazi sakafuni na stakabadhi zote bado zimetandazwa mezani.

Sisi wa Mombasa si wageni wa meli hizi. Msimu wa kaskazi huingia Kilindini, nyeupe na ndefu kama mtaa mzima wa maghorofa, na tangu utotoni tumezitazama kutoka kwenye feri ya Likoni huku tukikisia ndani kuna nini. Tatizo ni kwamba tumezizoea kutoka upande wa gati. Mzungu anayeshuka asubuhi, akanunua vinyago na kurudi jioni, huonekana kana kwamba mipaka haimhusu, nasi tukadhani ndivyo meli zilivyo. Kwa msafiri mwenye pasipoti yetu, kila alfajiri meli inapofunga kamba ni kuingia nchi, hata kama usiku kucha ulikuwa umelala.

Wakala wa kwanza niliyemwendea mjini aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba abiria wa meli hahitaji viza, kwa sababu analala melini wala halali hotelini. Alikuwa tayari kupokea amana siku hiyo hiyo, na bei yake, nakiri, ilikuwa tamu. Njia aliyonionyesha ilipita La Goulette, bandari ya Tunis, kisha siku iliyofuata ikarudi Palermo. Nilimwomba karatasi yenye orodha ya bandari nikaenda nayo nyumbani, na usiku huo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba orodha ya bandari ndiyo karatasi muhimu kuliko zote, na kwamba inafaa isomwe bandari moja baada ya nyingine kabla ya kuangalia picha za bwawa la kuogelea.

Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, huhesabiwa kama uwanja mmoja. Ukishaingia Uhispania kwa viza yako, unapita Ufaransa, Italia na Malta bila kuomba nyingine. Lakini meli ikienda Tunisia, umetoka nje ya uwanja, na inapofika Palermo kesho yake unaingia upya. Mtu mwenye viza ya kuingia mara moja, ambayo ndiyo hupewa wengi wanaoomba kwa mara ya kwanza, atakuwa ameimaliza pale La Goulette. Kampuni za meli zinalijua hilo, ndiyo maana hukagua viza za njia nzima kabla hazijakupandisha, na abiria aliyepungukiwa huachwa gatini Barcelona akiipungia meli mkono huku nauli yake ikienda na maji. Niliiacha njia ya Tunis, ingawa roho iliniuma, nikachagua hii ambayo haitoki Schengen hata siku moja. Msomaji atakayechagua njia za Ugiriki na Uturuki atakutana na fumbo hilo hilo, na heri akutane nalo mezani kwake kuliko bandarini.

Likabaki swali la ubalozi upi. Kanuni ni kwamba viza huombwa katika nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, na kama muda unalingana, nchi utakayoingia kwanza. Nilihesabu vidole. Meli yenyewe ingetuweka Uhispania siku mbili tu, ya kupanda na ya kushuka, lakini Italia siku tatu, kwa sababu Genova, Napoli na Messina zote ni zake. Kwa hesabu hiyo ningeomba viza ya Italia ilhali tiketi yangu ya ndege inatua Uhispania. Hilo linaruhusiwa, ila lina maelezo mengi. Nilipoongeza siku mbili Barcelona kabla ya kupanda meli na usiku mmoja baada ya kushuka, mizani ikalalia Uhispania bila ubishi, na kwa hatua hiyo moja nikapata faida ya pili: ndege ikichelewa au sanduku likipotea njiani, tuna siku mbili za kulitafuta. Kuwasili siku ile ile meli inapong'oa nanga ni kucheza kamari, kwani meli haimsubiri abiria aliyekwama Doha.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, na ada ya mtu mzima ni yuro 90, mbali na ada ya kituo kinachopokea maombi. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na iendelee kutumika angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen. Kampuni yetu ya meli ilitaka 6, kwa hiyo fuata iliyo kubwa. Bima ya safari iwe na kiwango cha yuro 30,000 kwa uchache. Hapo nawasihi msome maandishi madogo, kwa sababu bima nyingine humridhisha ofisa wa viza lakini hazisemi lolote kuhusu matibabu ya melini wala gharama ya kumtoa mgonjwa baharini kwa helikopta. Zahanati ya meli hutoza kama hospitali ya binafsi, na bili huingia moja kwa moja katika akaunti yako.

Tulipanda treni ya SGR kutoka Miritini hadi Nairobi kwenda kutoa alama za vidole. Zangu zilichukua dakika mbili. Za Mama zilikataliwa mara tano. Mashine iliwaka taa nyekundu, kijana akafuta kioo, Mama akabonyeza tena, ikawaka nyekundu. Kijana akamletea kitambaa chenye maji akamwambia kwa adabu, "Bibi, jaribu kubonyeza taratibu, usisukume." Mama akavitazama vidole vyake kana kwamba anaviona kwa mara ya kwanza, akasema, "Mjukuu wangu, vidole hivi vimekuna nazi na kusuka ukili miaka hamsini. Wataka viwe bado vina maandishi?" Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na kijana pia, na mara ya sita taa ikawaka kijani. Kama unasafiri na mzazi mwenye mikono ya kazi, basi mpake mafuta ya kulainisha ngozi kwa wiki nzima kabla ya siku hiyo. Mimi sikulijua hilo.

Viza zilitoka baada ya wiki mbili na ushei, zote za kuingia mara moja, kama nilivyotarajia.

Kuhusu chumba, bei inayotangazwa huandikwa kwa mtu mmoja lakini kwa sharti la watu wawili kulala pamoja. Anayesafiri peke yake hulipa karibu maradufu. Kuna vyumba vya ndani visivyo na dirisha, ambavyo ndivyo rahisi, kuna vyenye dirisha, na kuna vyenye roshani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua cha ndani, maana usiku ni giza tu. Mama akaniuliza swali moja, "Nitoke kwetu niende baharini nisiione bahari?", nami nikaongeza pesa za dirisha.

Swali la pili lilikuwa chumba kiwe sehemu gani ya meli, na hapo nilijifunza kwamba nina mtaalamu nyumbani. Mama alizaliwa Lamu, na utotoni alisafiri mara kadhaa na babu kwa jahazi hadi Mombasa, wakilala juu ya mizigo ya boriti. Nilipomfungulia ramani ya meli kwenye kompyuta, yenye ghorofa kumi na kitu na vyumba vilivyopakwa rangi mbalimbali, aliweka kidole katikati kabisa, chini. "Usikae omo, usikae tezi," alisema. "Kaa penye mlingoti, karibu na maji." Ushauri huo ndio huo huo wanaoutoa wazoefu wa meli hizi kubwa: chombo kinapokwenda kwenye mawimbi, ncha zake hupanda na kushuka kama mikono ya mzani ilhali katikati hutulia, na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyoyumba zaidi. Vyumba vya juu ndivyo ghali. Tuliokoa pesa kwa kufuata elimu ya jahazi.

Mama haamini kwamba bahari inaweza kumlevya. Mimi najijua, kwani nimewahi kutapika katika mashua ya kwenda Wasini. Daktari alinipa vidonge akanieleza kwamba humezwa kabla ya kigegezi kuanza, kwani kikishaanza huwa havifui dafu, na akamkataza Mama kuvigusa kabla hajaangalia vinavyokaa na dawa zake za presha. Dawa za Mama zote zitakuwa kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa ndani ya maboksi yake yenye jina lake, pamoja na barua ya daktari na akiba ya siku kumi za ziada. Sisemi hivyo kwa ajili ya wezi. Siku ya kupanda meli unakabidhi sanduku lako gatini, lenye lebo uliyoichapisha nyumbani, na hulioni tena mpaka saa kadhaa baadaye linapowekwa mlangoni pa chumba, pengine baada ya chakula cha jioni. Aliyeweka dawa ya saa kumi ndani yake amejitafutia balaa, na aliyeweka pasipoti hapandi meli kabisa.

Mama alikuwa ameandaa dawa yake mwenyewe ya bahari, yaani tangawizi mbichi na ndimu za uani, zimefungwa vizuri kwenye kitambaa. Ilinibidi nimweleze kwamba Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na matunda, mboga na mizizi mibichi bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Nyama na vitu vya maziwa vya kutoka kwetu vimekatazwa pia. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza ni mzungu gani atakayetapika akapewa nazi. Tumebeba tangawizi ya unga na tende.

Kadi ya njano ilitusumbua kwa muda mfupi tu. Ya Mama, aliyochanjwa alipokwenda Hija, imeandikwa miaka 10 na miaka hiyo imekwisha. Lakini tangu Julai 2016 cheti cha chanjo ya homa ya manjano hutumika maisha yote ya mwenye nacho, hata zile kadi za zamani, kwa hiyo hakuchanjwa upya.

Jambo alilolishikilia Mama kuliko yote ni maboya ya kuvaa. Yeyote aliyekuwa Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuondoka na watu zaidi ya 270, ataelewa bila kuelezwa, na tangu siku hiyo Mama hapandi chombo bila kuuliza vifaa viko wapi. Nilimsomea kuhusu zoezi la dharura ambalo kila abiria hulazimika kulifanya: unaonyeshwa kituo chako cha kukusanyikia, unafunzwa kuvaa boya na unasikilizishwa king'ora. Kanuni hiyo ilikazwa baada ya meli ya Costa Concordia kugonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, ambapo watu 32 walikufa; mamia ya abiria waliopanda Civitavecchia jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi. Tangu mwaka 2015 sheria ya kimataifa inataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mama ameniagiza tuwe wa kwanza kufika. Nimesikia wengine hulikimbia wakaenda kupanga nguo. Sisi nguo zitangoja.

Kwa chakula, usisubiri ufike. Niliiandikia kampuni miezi mitatu mapema nikieleza kwamba hatuli nguruwe wala nyama isiyochinjwa kwa sharia, nikajibiwa kwamba ombi limeingizwa katika taarifa zetu na kwamba nimwone mkuu wa mkahawa siku ya kwanza. Jibu lilikuwa la heshima ila halikuahidi jiko tofauti, kwa hiyo sisi tumejiandaa kwa samaki, mayai na mboga, na kwa siku saba hilo si adhabu. Sala ni nyepesi kwa msafiri, tutapunguza na kukusanya. Kibla ndicho kilichotuweka macho jioni moja nzima. Sisi Mombasa tuna bahati ya pekee, kwani Makka iko kaskazini yetu moja kwa moja, na Mama maisha yake yote ameelekea kaskazini bila kufikiri. Barcelona kibla ni mashariki ikielekea kidogo kusini, na meli nayo inageuka usiku kucha. Dira ya simu huchanganyikiwa ndani ya chuma kingi. Mwishowe nilimchorea ramani ndogo ya njia yetu, nikaweka mshale kila bandari, na tumekubaliana kwamba chumbani kuna televisheni inayoonyesha meli inaelekea wapi. Tutapiga hesabu kutoka hapo, na tukikosea kidogo mwenyewe Mola anajua tuko majini.

Masanduku nayapita haraka. Aprili ya Mediterania kwetu ni baridi, kwa hiyo sweta mbili kila mtu, koti la mvua na soksi. Viatu vya kutembea ambavyo vimekwisha kuvaliwa, si vipya. Na kwa usiku mmoja au miwili ya mavazi rasmi, dera zuri na mtandio vinatosha kabisa. Pasi na birika la umeme haviruhusiwi kwa sababu ya moto, na Mama amelia na birika lake tangu wiki iliyopita. Nyaya za kuongezea soketi nazo hunyang'anywa zikiwa na kile kidude cha kuzuia umeme mwingi. Plagi zetu za miguu mitatu hazitaingia Barcelona, na melini pia huenda zisiingie, kwa hiyo nunua adapta mbili kabla hujaondoka.

Fedha zinahitaji uangalifu zaidi. Melini hulipi taslimu. Kila kitu huandikwa kwenye kadi ya chumba, nayo imeunganishwa na kadi yako ya benki, na siku ya mwisho hesabu hufungwa. M-Pesa haina kazi huko. Bakshishi ya wahudumu hutozwa kwa kila mtu kwa kila siku iwe umeomba huduma au hukuomba, na katika familia ya watu wanne hufikia kiasi cha kushtua. Niliihesabu tangu mwanzo kama sehemu ya nauli. Nimeiarifu benki yangu tarehe na nchi zote, maana kadi iliyofungwa na benki usiku wa manane katikati ya bahari haina wa kuifungua. Simu nayo iwekwe katika hali ya ndegeni mara tu meli inapoiacha bandari, kwani ikijishika kwenye mtandao wa setilaiti wa meli utarudi nyumbani na deni.

Kilichobaki kilikuwa kupanga tutakachofanya bandarini, na kwa magoti ya Mama swali halikuwa mji upi ni mzuri, lilikuwa mji upi uko karibu. Messina meli hufunga karibu kabisa na mji, na kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi uwanja wa kanisa kuu, ambako saa ya mnara huchezesha sanamu zake adhuhuri. Marseille gati liko mbali na mji, tutahitaji basi. Napoli nimetenga nafasi ya kwenda kuona magofu ya Pompeii pamoja na ziara ya meli yenyewe, japokuwa ni ghali kuliko kwenda wenyewe, kwa sababu ziara ya meli ikichelewa meli husubiri, na ukienda kivyako ukachelewa haikujui.

Siku ninayoingoja ni ya Valletta. Nilimwonyesha Mama kwamba upande mmoja wa mji kuna bandari iitwayo Marsamxett, akasema mara moja, "Marsa? Hilo ni neno letu." Ni la Kiarabu, maana yake bandari, kwetu na kwao. Kimalta kimetokana na Kiarabu, na wanapohesabu husema "sitta, sebgħa" pale sisi tunaposema sita, saba. Tangu ajue hilo, Mama ameamua kwamba Malta atazungumza mwenyewe na mwenye duka, na kwamba mimi ninyamaze.

Usiku huu nimepima masanduku kwa mara ya pili. Langu kilo 19, la Mama 23 na nusu, na sikuelewa uzito ule umetoka wapi mpaka nilipolifungua. Chini kabisa, imeviringishwa ndani ya leso mbili na kushindiliwa sweta pande zote, ilikuwa nazi. Moja, kavu, imefuliwa vizuri. Nilipomwita, alisimama mlangoni akaniambia kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyesema inaruhusiwa.

Nimeirudisha mahali pake, nikatoa jozi moja ya viatu vyangu.